Daktari amesema ni ADHD: nyumbani tuanzie wapi?

Mzazi anapotoka kliniki akiwa ameambiwa kwamba mwanawe ana ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kushikilia umakini na kutulia, mkononi hubeba cheti chenye tarehe ya kurudi, na kichwani hubeba swali moja zito: kuanzia jioni hii, nifanye nini ambacho jana sikukifanya? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi. Miaka mitatu iliyopita nilitoka hospitali na swali hilohilo, nimemshika mkono mwanangu wa pili aliyekuwa darasa la tatu, naye akihesabu kwa sauti matairi ya bajaji zilizopanga foleni getini. Nilikuwa nimefundisha kwa miaka 11. Nilikuwa nimewaadhibu wengi wa aina yake, na hilo nalisema kwa uchungu, kwa kuwa niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba mtoto anayeijua kanuni na asiifuate anafanya makusudi.

Imani hiyo ndiyo fundo la kwanza la kufungua. Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley, ambaye ameitafiti hali hii kwa miongo kadhaa, husisitiza kwamba shida ya mtoto huyu haiko katika kujua la kufanya, bali katika kulifanya analolijua, mahali pale na wakati ule linapohitajika. Muulize mwanangu saa mbili usiku, akiwa ametulia kitandani, kwa nini haifai kumkatiza mwalimu, naye atakueleza vizuri kuliko wewe. Kesho yake saa tatu asubuhi atamkatiza mwalimu. Ujuzi upo, ila breki ndiyo inayochelewa kushika. Kwa hiyo msaada wowote unaotolewa mbali na tukio, uwe ni nasaha ndefu za jana usiku au fimbo ya jioni kwa kosa la asubuhi, humfikia mtoto wakati hauna tena kazi ya kufanya. Karibu kila ushauri wenye manufaa nilioupata tangu siku ile unarudi kwenye jambo hili: uweke msaada palepale, saa ileile.

Herufi hizo nne zinasimama badala ya jina refu la Kiingereza, ambalo kwa lugha yetu tungesema ni upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kulikopitiliza. Watoto hawafanani. Wako ambao dalili zao ni kuzubaa, kusahau, kupoteza vitu na kuacha kazi katikati; wako wanaohangaika na kukurupuka; na wako, kama wangu, waliobeba yote mawili. Wa kundi la kwanza ndio wanaosahaulika zaidi, hasa wasichana, kwa sababu mtoto aliyekaa kimya akitazama dirishani hamsumbui mtu, na kwenye ripoti ya shule ataandikiwa tu kwamba aongeze bidii. Kwa makadirio yanayotumika sana duniani, watoto wapatao 5 kati ya 100 wana hali hii. Katika darasa langu la watoto 72 hao ni watatu au wanne, na mimi kwa miaka yote hiyo sikuwa nimemtambua hata mmoja kwa jina sahihi.

Utambuzi wenyewe huwachanganya wazazi kwa sababu hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kuuthibitisha. Daktari anategemea maelezo. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani na katika nchi nyingine nyingi, toleo lake la tano la mwaka 2013, umeorodhesha dalili 9 za kukosa umakini na dalili 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto huhesabiwa kuwa na ADHD akiwa na dalili zisizopungua 6 katika kundi mojawapo, ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi, na zinamharibia maisha yake kwa namna inayoonekana. Sharti la mazingira mawili lina uzito mkubwa. Mtoto anayehangaika shuleni tu, lakini nyumbani, kanisani au madrasa na kwa bibi yake yuko sawa, huenda ana shida na shule hiyo: haoni ubaoni, hasikii vizuri, anaonewa, au masomo yamemwacha nyuma.

Kabla ya kulipokea jina hili, basi, mzazi ana haki ya kuuliza kama mengine yameangaliwa. Macho na masikio yapimwe. Iulizwe kama mtoto anakoroma usiku na kuamka amechoka, kwa maana mtoto asiyelala vizuri hufanana sana na mwenye ADHD. Iulizwe kama kuna nyakati anaduwaa ghafla kwa sekunde chache asisikie hata akiitwa, kwani ipo aina ya kifafa isiyoangusha mtu, na mwalimu akiiona huiita uvivu. Iulizwe habari za msiba, ugomvi wa nyumbani, upungufu wa damu, malaria kali iliyowahi kupanda kichwani. Uulizwe pia umri wake ukilinganishwa na wa wenzake, kwa sababu tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba watoto wadogo kuliko wote darasani hupewa jina la ADHD mara nyingi zaidi ya wakubwa wao. Kwetu mtoto aliyezaliwa Desemba hukaa dawati moja na aliyezaliwa Januari ya mwaka huohuo, na katika umri wa miaka 6 miezi hiyo 11 si kitu kidogo.

Jina hilo likishathibitishwa, swali la lawama litabisha hodi kabla hujavua viatu. Watu watasema amedekezwa, mwingine atasema kuna mkono wa mtu, na shangazi atataja sukari. Hali hii hurithiwa kwa kiwango kikubwa: tafiti za mapacha zinakadiria kwamba asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika dalili hizi inatokana na urithi wa kibaiolojia. Ndiyo maana kinababa wengi, wakisikia daktari akieleza dalili za mtoto, hunyamaza kwa muda na kusema kwamba ndivyo walivyokuwa wao. Katika ubongo, mifumo inayotumia kemikali za dopamini na noradrenalini, ile inayomsaidia mtu kusubiri, kupanga na kushikilia jambo kichwani, hufanya kazi kwa namna tofauti. Mwaka 2007 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walichapisha matokeo ya picha za ubongo za watoto 446, nusu yao wakiwa na ADHD, na wakaona kwamba gamba la ubongo la watoto hao lilifikia unene wake wa juu kwa wastani katika umri wa miaka 10 na nusu, ilhali wenzao walifikia hapo wakiwa na miaka 7 na nusu. Huo ni wastani wa kundi, nao haupimi mtoto mmoja mmoja, lakini mimi ulinisaidia kuliko maneno mengi ya faraja. Mwanangu akiwa na miaka 9 nilianza kujiuliza: kama angekuwa na miaka 6, ningemtuma dukani kununua vitu vinne bila karatasi? Nisingemtuma. Basi nikaanza kumpa karatasi.

Kuhusu sukari, lipo jaribio la mwaka 1994 ambalo ningependa kila shangazi alisikie. Akina mama waliambiwa kwamba watoto wao wamepewa kinywaji chenye sukari nyingi, ilhali hakikuwa na sukari hata kidogo. Wakawaona watoto hao kuwa wamechangamka kupita kiasi kuliko akina mama walioambiwa ukweli walivyowaona wa kwao. Punguza soda kwa ajili ya meno na afya yake, lakini usitegemee kwamba ADHD itaondoka nayo. Na anayetaka kumwombea mtoto amwombee, sisi pia tunamwombea. Ila asiache kumpeleka kliniki.

Swali jingine linalowatesa wazazi ni hili: mbona akiangalia katuni anatulia saa mbili nzima? Anatulia kwa sababu katuni inamlipa kila sekunde. Umakini anao, ila usukani wake mgumu. Hawezi kuupeleka kwa hiari yake kwenye jambo ambalo malipo yake yako mbali. Kumwambia mtoto huyu kwamba akisoma kwa bidii mwisho wa muhula atanunuliwa baiskeli ni kama kumwambia habari za nchi asiyoijua. Malipo yake yawe karibu, hata yakiwa madogo kiasi cha punje ya maharage.

Punje za maharage sizitaji kama mfano tu, kwa maana ndizo zilizotuokoa kwenye kazi za nyumbani. Zamani nilikuwa namwambia akae afanye hesabu zake, kisha naenda jikoni kukoroga mtori. Nikirudi baada ya nusu saa nakuta amefanya mbili, ya tatu ameinakili kwa tarakimu zisizokuwamo kitabuni, penseli ameichonga hadi imebaki kishina, na yeye yuko chini ya meza. Nilikuwa napiga kelele, analia, na saa tatu usiku hesabu zinakuwa bado mbili. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemfundisha mtu namna ya kumudu shughuli zake za kila siku, ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Karatasi ngumu iliyokatwa tundu inafunika ukurasa ili zionekane hesabu tatu tu. Mezani pana vikombe viwili, kimoja kina maharage 10. Kila hesabu ikikamilika, hata ikiwa imekosewa, anahamisha punje moja. Baada ya punje tatu anakimbia hadi kwenye mgomba wa mwisho uani, anaugusa, anarudi. Mimi nimekaa ubavuni pake nachambua mchele, sisemi neno, na akianza kuelea nagonga meza kwa kidole mara moja. Siku ya kwanza hesabu 10 zilichukua dakika 25. Sikuamini saa ya ukutani, nikaangalia ya simu.

Hakuna dawa katika karatasi ile wala katika maharage. Kazi iliyokuwa kubwa ilikatwa vipande, kila kipande kikapata mwisho wake, malipo yakaja hapohapo, na mtu mzima akawa karibu. Ukiyaelewa hayo manne utaweza kutengeneza vya kwako kwa vifaa vya nyumbani kwako. Asubuhi kwetu zipo picha nne zilizochorwa kwa kalamu ya wino mzito na kubandikwa mlangoni: kitanda, mswaki, sare, begi. Sisemi tena "jiandae", neno ambalo ndani yake kuna kazi nne alizokuwa akizisahau tatu. Naonyesha mlango. Begi huwekwa usiku mbele ya mlango huohuo, mahali ambapo hawezi kutoka bila kulikanyaga. Maagizo natoa moja moja, nikiwa mbele yake, tukiwa tumetazamana. Agizo linalopigiwa kelele kutoka chumba kingine halijatolewa.

Juu ya adhabu, nitasema kama mwalimu na kama mama. Kumlea mtoto huyu bila mipaka ni kumtupa, naye anaihitaji kuliko wenzake. Lakini mipaka iwe michache, ijulikane, na matokeo ya kuivuka yawe madogo, ya haraka na yasiyobadilika. Kukosa televisheni leo jioni kunafundisha kitu. Kuambiwa mwezi Oktoba kwamba hataenda Kibosho kwa bibi wakati wa Krismasi hakufundishi chochote, kwa kuwa hadi Desemba atakuwa ameshakosea mara 40 nyingine na huna tena cha kumnyima. Sifa nazo zitolewe kwa kitendo chenyewe, si kwa ujumla. "Umeweka begi mlangoni bila kukumbushwa" ni sentensi anayoweza kuirudia kesho. "Mtoto mzuri" haimwambii arudie nini. Fimbo humnyamazisha kwa dakika kadhaa na kumfundisha kuogopa, lakini breki inayochelewa haiharakishwi na maumivu. Mzazi aliye na mashaka na yanayotokea shuleni ajue pia kwamba kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, kwa makosa makubwa ya nidhamu tu, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kusahau kalamu si kosa kubwa la nidhamu kwa tafsiri yoyote ile.

Ndugu zake watalalamika. Dada yake aliniuliza mbele ya wageni kwa nini yeye alichapwa alipovunja sahani akiwa na miaka 8 na huyu anaambiwa afagie tu. Nilikosa jibu siku ile. Baadaye nilimwomba radhi kwa ile sahani, na nikampa jambo ambalo mtoto asiye na ADHD katika nyumba ya namna hii hulikosa sana, yaani saa moja kila Jumamosi ya kwenda na mimi soko la Mbuyuni, sisi wawili peke yetu.

Mtoto mwenyewe naye aambiwe. Wangu aliniuliza usiku wa siku ileile tuliyotoka hospitali: "Mama, ugonjwa huu utaniua?" Alikuwa amesikia neno la daktari na kuona uso wangu, akajaza yaliyobaki mwenyewe. Nilimwambia kwamba hautamuua, kwamba kichwa chake kinakimbia haraka na breki zake bado zinakua, na kwamba kazi yetu ni kumtengenezea matuta barabarani hadi zikomae. Ni kweli kwamba kwa wengine dalili hupungua kadiri wanavyokua, hasa kule kuhangaika kwa mwili, ingawa wengi huendelea kuwa nazo kwa kiasi fulani hata utu uzimani; sikuona sababu ya kumbebesha hilo la pili akiwa na miaka 9. Ila barabara za kweli nazo zina hatari yake. Watoto wanaokurupuka huumia mara nyingi zaidi ya wenzao, na kando ya barabara kuu ya Arusha, pikipiki zinapopita kila upande, huyu ashikwe mkono hata kama wa umri wake wanavuka wenyewe.

Shuleni, naomba mzazi asije na orodha ndefu. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya 70 ataipokea kwa heshima na kuiweka kwenye droo. Njoo na maombi mawili yasiyomgharimu kitu: mtoto akae mbele, mbali na mlango na dirisha, na apewe kazi halali ya kusimama, kama kugawa madaftari au kufuta ubao. Halafu anzisha daftari dogo la kwenda na kurudi, ambamo mwalimu anaweka alama ya vema moja tu kwa lengo moja la siku, kwa mfano amenyoosha mkono kabla ya kusema. Alama hiyo ilipwe nyumbani jioni ileile. Darasani kwangu sasa ninao watoto wawili wenye madaftari hayo, na yananichukua muda mfupi kuliko niliokuwa nikiutumia kuwatoa nje.

Imebaki dawa, ambayo wazazi huiogopa au huitegemea kupita kiasi. Iliyotafitiwa zaidi ni methilifenideti. Ile ya muda mfupi huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi na huisha baada ya saa nne. Haiponyi, ila katika saa hizo humpa mtoto nafasi ya kutumia anachokijua. Inaweza kupunguza hamu ya kula, kuleta maumivu ya kichwa na kuvuruga usingizi, na ndiyo maana daktari hupima uzito, urefu na presha kila mnaporudi, na huuliza kama kuna ugonjwa wa moyo katika ukoo. Kwa watoto walio chini ya miaka 6, miongozo mingi inataka wazazi wafundishwe kwanza mbinu za malezi kabla ya dawa kufikiriwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1999, uliofuatilia watoto 579 kwa miezi 14, ulionyesha kwamba dawa inayosimamiwa kwa makini ilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake, na kwamba waliopata vyote viwili walihitaji dozi ndogo zaidi. Lakini watoto haohao walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, tofauti kati ya makundi ilikuwa imepotea. Kwangu mimi maana yake ni kwamba dawa inaweza kusaidia sana, nayo haiondoi haja ya vikombe na maharage. Ni dawa inayodhibitiwa, kwa hiyo usiinunue kwa mtu wala usimgawie mtoto wa jirani, na kabla ya kuianza muulize daktari kama inapatikana mfululizo, maana kuianza na kuikosa kila baada ya wiki mbili kunamchosha mtoto na kukunyima jibu la kama inamfaa.

Kwa wakazi wa kanda hii kituo kikubwa ni KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo hupokea pia wagonjwa kutoka Arusha na mikoa ya jirani. Hapohapo kuna chuo kinachosomesha wataalamu wa tiba kwa vitendo. Njia ya kawaida huanzia kwa daktari wa kituo cha karibu, kisha hospitali ya mkoa, yaani Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha.

Unaporudi kliniki, nenda na maandishi. Daktari anakuona kwa dakika chache, na ukiulizwa wiki imekwendaje utakumbuka siku mbaya pekee. Mimi niliandika kwa wiki tatu, kila jioni mistari miwili: kazi ya shule ilianza saa ngapi, ilikwendaje. Nilienda nikiwa nimejiandaa kuomba dozi ya dawa yake iongezwe. Daktari alifunua kurasa taratibu, akaweka kidole kwenye Jumatano ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, zote zikiwa na neno "amelia". Jumatano ni siku ya tuisheni. Mwanangu hufika nyumbani saa kumi na mbili jioni, na mimi nilikuwa namkalisha mezani hapohapo ili tumalize mapema. Daktari hakugusa dozi. Aliuliza siku hizo mtoto amekula mara ya mwisho saa ngapi, na nilipofikiri nikakumbuka kwamba ni uji wa saa nne asubuhi. Tangu wiki ile, Jumatano anakula kwanza ndizi mbili za kuchemsha na konzi ya karanga akiwa amekaa kibarazani, ndipo tunatoa vikombe.